Sauti ya Mji na Neno la Msemaji: Kutoka Kairo hadi Lagos

Wanaoandika historia ya sanaa ya sauti hupenda kuanzia Paris, mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer aliponasa sauti za magarimoshi katika kituo cha Batignolles na kuzipanga upya kwa kutumia santuri. Mwanzo huo una kasoro. Miaka minne kabla yake, kijana Mmisri, Halim El-Dabh, alikuwa ameazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio mjini Kairo, akakipeleka penye ngoma ya zar, kisha akarudi studio kuifinyanga sauti aliyoipata. Hata hivyo, suala la nani alitangulia lina uzito mdogo kuliko suala la neno. Sauti ya mtu inapogeuzwa kuwa malighafi ya msanii, lile alilokuwa akilisema huenda wapi?

Zar inafanana sana na ngoma za pepo za pwani ya Afrika Mashariki. Wanawake hukusanyika, huimba na kupiga ngoma, na pepo huulizwa anataka nini. El-Dabh aliipitisha sauti hiyo katika chumba cha mwangwi, akaondoa sauti za msingi na kubakiza zile nyembamba za juu zinazofuatana nazo. Kilichopatikana ni mvumo mrefu, ambao msikilizaji hawezi kusema kama ni koo la mtu, au upepo, au chuma. Kwa upande wa fani, ni kazi ya ujasiri mkubwa. Kwa upande wa maudhui, maneno ya wanawake wale yamefutika kabisa.

Mhakiki aliyelelewa katika fasihi simulizi atakuwa mwepesi wa kulalamika hapa, na lalamiko lake litakuwa na haki nusu. Pwani, mwenye kupandwa na pepo huitwa kiti. Anayesema ni pepo, naye kiti amekaliwa tu. Kwa mujibu wa imani hiyo, sauti ndani ya ngoma imekwisha kutengana na mwenye koo kabla mashine haijafika. Yawezekana basi kwamba El-Dabh, kwa kuvua maneno, aliikaribia zar kuliko ambavyo angeikaribia kwa kuyanukuu. Nusu ya pili ya lalamiko inabaki palepale: pepo husema ili ajibiwe, na mvumo haujibiwi na mtu.

Emeka Ogboh wa Nigeria ameshika njia nyingine. Katika kazi zake za sauti za Lagos, makondakta wa danfo, yale mabasi madogo ya manjano, husikika wakitaja vituo waziwazi: Ojuelegba, Yaba, Obalende. Mashine haikuwavua neno. Mwaka 2016, katika Jumba la Taifa la Sanaa za Kiafrika mjini Washington, alipanga vipaza sauti juu ya sinia za bati za wachuuzi, vikitoa kelele za soko la Balogun. Waama, ni rahisi kumsifu kwa uaminifu huo. Lakini mgeni wa Washington asiyejua Kiyoruba wala Kiingereza cha mtaani cha Nigeria husikia nini? Husikia mdundo na ghasia. Neno limesafiri salama mpaka kwenye spika, likafia sikioni. Mzawa wa Lagos akipita hapo, yeye anaitwa kupanda gari.

Kwa hiyo Schaeffer, aliyefundisha kwamba sauti isikilizwe bila kujali chanzo chake, hakubuni jambo geni kama inavyodhaniwa. Kila asiyejua lugha ya mahali husikiliza hivyo, apende asipende. Tofauti ya msingi baina ya kazi hizi iko kwa yule zinayemkusudia, kuliko ilivyo katika ufundi wa kunasa.

Jambo hili linazihusu idara za lugha za Afrika Mashariki moja kwa moja. Mtafiti wa fasihi simulizi hurudi na ukanda, akaandika maneno, akatupa honi, vikohozi na kilio cha mtoto kana kwamba ni takataka. Msanii wa sauti hubakiza honi na kutupa maneno. Wote wawili wanachuja. Mwito wa kondakta wa matatu wa Nairobi ukiandikwa bila injini inayomlazimisha kupaaza sauti, umeandikwa nusu. Ukigeuzwa mvumo, nauli aliyokuwa akiitangaza imepotea, na nauli ndiyo iliyompeleka barabarani.

Katika kazi ya El-Dabh, kilichotolewa kwa umma mwaka 2000 ni kipande cha dakika mbili hivi. Hakuna njia ya kukirudisha nyuma ili kujua walichokuwa wakiimba wanawake wale wa Kairo, na El-Dabh mwenyewe, ambaye angeweza kuulizwa, alifariki mwaka 2017.