Kidhibiti Joto Hakipozi Tangi

Kidhibiti joto cha tangi la kuchachushia mvinyo ni kisanduku kinachoenea kiganjani. Kina kioo chenye namba nyekundu, vitufe vitatu au vinne, waya mmoja wenye kihisi kichwani, na nyaya nyingine zinazotoka kwenye relei. Ukiandika 18 nacho kikasoma 31, kinalia tak, taa ya kupoza inawaka, na mwenye tangi anakwenda kulala akiamini kazi imekwisha. Haijaanza. Kisanduku hicho kinalinganisha namba mbili na kufunga au kufungua swichi, basi. Kinachopoza ni kile kilichofungwa upande wa pili wa swichi, na kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, hicho ndicho adimu. Ndiyo maana nashikilia kwamba huku Kigoma namba ya kuandika kwenye kidhibiti, na hata ukubwa wa tangi lenyewe, vitokane na joto la maji uliyonayo. Kitabu cha mvinyo kilichoandikiwa nchi yenye theluji kije baadaye, kama kitahitajika.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu unageuka ushabiki wa mashine. Hamira inapokula sukari inatoa pombe, hewa ya ukaa na joto. Gramu 180 za glukosi hutoa takriban kilojuli 100. Chukua tangi la lita 1,000 lenye juisi ya gramu 200 za sukari kwa lita, iwe ya zabibu au ya ndizi zilizoiva barabara. Humo mna kilo 200 za sukari, kwa hiyo joto litakalotoka mwanzo hadi mwisho ni kama kilojuli 110,000. Kupandisha juisi yote hiyo digrii moja ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4,000 hivi. Kama joto lisingekuwa na pa kutokea, tangi lingepanda digrii 27. Juisi iliyoingia ikiwa na digrii 26, joto lisilo geni Kigoma, ingeishia 53. Haifiki huko, kwa sababu hamira ya mvinyo huanza kulegea joto likipita 35, na karibu na 40 inakufa au inazira, huku ikiacha sukari nusu na pombe nusu, mchanganyiko ambao vijidudu vya siki vinaupenda kuliko chochote. Kazi yote ya kupoza ni kuzuia kilele hicho kinachokuja siku ya pili au ya tatu, pale povu linapopanda hadi mdomoni mwa tangi.

Hapa litakuja pingamizi la kwanza, na ni la haki: Waha wa huku Kigoma wamepika pombe ya ndizi kizazi baada ya kizazi bila kisanduku chochote. Kweli, na ufundi huo unastahili kuchunguzwa kabla ya kusifiwa. Ndizi mbichi huivishwa kwa siku kadhaa kwenye shimo lililotandikwa majani na kupashwa moto. Kisha humenywa, hukandwa kwa nyasi hadi juisi ijitenge, na juisi hiyo huchanganywa na maji na unga wa mtama uliokaangwa, ambao ndio unaoleta hamira. Yote humiminwa kwenye gogo lililochimbwa kama mtumbwi, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hadi tatu watu wanakunywa. Ukitazama kwa jicho la fundi, kila hatua ina jibu la joto ndani yake. Maji yaliyoongezwa yamepunguza sukari, kwa hiyo joto jumla limepungua. Umbo la mtumbwi ni pana na la kina kifupi, kwa hiyo kila lita iko karibu na ubao au karibu na hewa. Ujazo ni mdogo. Na kwa kuwa kinywaji kinaisha siku chache tu baada ya kuiva, hakuna anayejali kama harufu nyepesi za matunda zimeruka na joto. Kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe, usiku ukiwa na baridi, shida ya mpikaji mara nyingi ni kutunza joto lisipotee, ndiyo maana ya kufunika na kufukia. Wazee hawakukosa kidhibiti. Walijenga chombo ambacho hakikihitaji. Anayechukua juisi ileile na kuijaza kwenye tangi refu la chuma la lita 5,000, akitaka kinywaji cha kukaa chupani mwaka mzima, amevunja masharti yote ya ule mtumbwi kwa mpigo mmoja.

Nimesema zabibu au ndizi makusudi. Mvinyo wa Tanzania ni wa Dodoma, nyumbani kwa kituo cha utafiti cha Makutupora na viwanda kama CETAWICO kule Hombolo, na hakuna mwenye akili timamu atakayepakia zabibu mbichi kwenye behewa la Reli ya Kati azisafirishe kilomita zaidi ya 700 hadi mwisho wa reli. Tunda la kuchachusha Kigoma ni ndizi. Hata Ujiji, mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara, ambako soko la mvinyo si la kutegemea, siki ya ndizi nayo lazima ipitie hatua hiyohiyo ya hamira, na joto lake ni lilelile.

Sasa maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na mtu husikia kina hicho akadhani kuna hazina ya ubaridi chini. Hakuna. Maji ya juu yanacheza kati ya digrii 25 na 28 kwa mwaka, na ya chini kabisa yanazidi 23. Huko Siberia, vilindi vya Baikal viko karibu na digrii nne. Sisi tumepewa beseni refu la maji vuguvugu. Tena kuyafuata maji ya kina ni hasara tupu: kuanzia mita mia moja au mia mbili hivi kwenda chini hayana oksijeni, na huko kuna gesi ile yenye harufu ya mayai viza, nawe ungekuwa umevuta bomba refu kwa faida ya digrii mbili tatu tu.

Kwa mvinyo mweupe wa kuchachushwa kwa digrii 12 hadi 18, basi, ziwa halisaidii kitu. Lakini kwa kinywaji kinachovumilia digrii 28, kama mvinyo mwekundu wenye maganda au mvinyo wa ndizi usiotegemea harufu laini, hesabu inabadilika. Tuseme siku ya kilele theluthi moja ya sukari inaliwa ndani ya saa 24. Joto la kuondoa ni kilojuli 37,000, yaani wastani wa wati 430, chini ya nusu ya pasi ya umeme. Maji ya ziwa yakiingia kwenye koti la tangi, yaani ganda la nje linalopitisha maji, yakiwa na digrii 26 na kutoka na 27, kila lita inabeba kilojuli 4.2. Unahitaji lita 8,800 kwa siku, sawa na lita sita kwa dakika, kazi ya pampu ndogo kabisa. Pengo kati ya maji na mvinyo ni digrii moja na nusu kwa wastani, dogo mno, kwa hiyo ukuta unaopoza lazima uwe mkubwa: mita tatu za mraba hivi. Tangi la lita 1,000 lenye upana wa mita moja lina ukuta wa mita nne za mraba. Inatosha.

Likuze tangi hilo hadi lita 10,000 kwa umbo lilelile, uone. Joto linaongezeka mara kumi, ukuta unaongezeka chini ya mara tano. Unahitaji mita za mraba karibu 30 na unazo kama 18. Hapo hakuna namba utakayoiandika kwenye kidhibiti ikakuokoa. Taa ya kupoza itawaka usiku na mchana, na namba nyekundu itaendelea kupanda. Matangi kumi madogo yanagharimu chuma kingi kuliko moja kubwa, na yanachosha kuyaosha. Bado ningeyachagua.

Wapo watakaosema nunua kipoza, kata mjadala. Kipoza kinafanya kazi, sikatai, na anayetaka mvinyo mweupe hana njia nyingine. Ila kinataka umeme usioyumba, katika mji ambao kwa miaka mingi uliishi kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na kinataka fundi wa gesi aliye karibu. Tena ukiweka 16 wakati hewa ya nje ni 27, joto linapenya kutoka nje kupitia ukuta huohuo usiku kucha, nawe unalipa bili ya kuipoza Kigoma pamoja na mvinyo wako.

Tukishaafikiana kuhusu maji, kisanduku kinapata maana, na mipangilio yake inakuwa myepesi kueleza. Cha kwanza ni pengo la kuwasha na kuzima. Watu hupenda kuliweka dogo, 0.1 au 0.2, wakidhani ndio umakini. Lita 1,000 zikipozwa kwa wati 430 bila chochote cha kuzipasha zinachukua zaidi ya saa mbili na nusu kushuka digrii moja; pengo la 0.1 litaichezesha valvu ya maji bure na kuichosha relei. Digrii moja inatosha. Cha pili ni ratiba, maana ndiyo sababu ya kununua kidhibiti chenye programu badala ya swichi ya kawaida: siku ya kwanza 25, ili maji yawe yameshaanza kutembea kabla ya kilele, kisha 28 siku za katikati, na mwishoni kupoza kuzimwe kabisa, kwa kuwa hamira iliyochoka katikati ya pombe inahitaji joto ili imalizie sukari iliyobaki. Hiyo 25 ya siku ya kwanza, kwa maji ya 26, haitafikiwa. Imewekwa kwa ajili ya kufungua valvu mapema tu.

Kihisi ndicho kinachowaangusha wengi. Kikibandikwa kwenye ukuta karibu na koti, kinasoma maji badala ya mvinyo, na kisanduku kitazima kikiwa kimeridhika wakati katikati ya tangi kunaungua. Kikielea juu kwenye maganda, kinasoma kofia hiyo ya maganda, inayoweza kuzidi joto la chini yake kwa digrii tano au zaidi. Ziwa lenyewe linaonyesha jinsi joto linavyokaa kwa tabaka: tofauti ya digrii tatu hivi kati ya juu na chini imetosha kuyazuia maji yake yasichanganyike hadi vilindini. Kihisi kiingie kwenye mfuko wa chuma unaozama hadi theluthi ya kina, mbali na koti, na maganda yachanganywe kabla ya kuiamini namba.

Na kabla ya yote kipimwe. Maelekezo mengi husema chovya kwenye maji yanayochemka, kisha rekebisha hadi 100. Ujiji iko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye digrii 97 na nusu hivi. Anayefuata karatasi kiutiifu anajiongezea kosa la digrii mbili na nusu, kubwa kuliko pengo lote la maji aliyonayo. Barafu haijali mwinuko. Vunja kipande cha ile inayouzwa kwa ajili ya samaki, tia kwenye bilauri na maji kidogo, koroga, ngoja dakika tano: hiyo ni sifuri.

Pingamizi la mwisho ni umeme kukatika, na hata pampu ndogo haizunguki bila umeme. Jibu ni simtanki juu ya mnara na valvu ya aina inayofunguka umeme ukipotea, si ile inayofunga. Simtanki la lita 5,000 kwa lita sita kwa dakika linateremka kwa karibu saa 14. Na valvu ikikwama wazi wiki nzima bila mtu kuona, kosa ambalo kwa kipoza lingegandisha koili na kulaza hamira, maji ya ziwa hayawezi kuushusha mvinyo chini ya joto la ziwa lenyewe.