Pongezi kwa Mthamini

Barabara inapopanuliwa, wengi humkumbuka mhandisi na tingatinga lake. Mimi nampongeza mthamini, aliyetangulia na futi kamba na daftari, akapima kuta, akakagua bati na sakafu, akahesabu minazi na miembe mmoja mmoja.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Mthamini ndiye anayeigeuza ahadi hiyo kuwa shilingi. Haishii kwenye bei ya soko ya kiwanja na nyumba. Huongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Bibi asiyejua kusoma anastahili hesabu ileile ya mwenye ghorofa, na mthamini mwadilifu humpa, ingawa vishawishi katika kazi hiyo si vichache.

Tangu 2016 taaluma hii ina sheria yake na bodi ya usajili. Mthamini akibisha hodi kwako, mwonyeshe mipaka yote, fuatana naye hadi mwisho, na usisaini fomu kabla hujaielewa.