Vibao vya Lubumbashi vyasema na nani?

Mgeni akifika katika mji huuliza njia, kisha huuliza bei ya unga. Tabia ya wenyeji hana haja ya kuiuliza, maana imeandikwa kwa rangi juu ya kuta na milango. Leo tutembee pamoja katika Lubumbashi, tusome vibao vyake kama tusomavyo kitabu, tupime uzuri wake na upungufu wake. Swali letu liwe moja tu: kibao hiki chasema na nani?

Tuanze katikati ya mji. Mji huu uliundwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966. Hapa katikati wenye kuandika ni wenye mamlaka. Njia moja yaitwa Mama Yemo, ndiye mama mzazi wa Mobutu, ambaye utawala wake ulianguka mwaka 1997. Njia kubwa ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyemwangusha huyo Mobutu. Njia nyingine ni ya Jason Sendwe, mkubwa wa chama cha Balubakat, aliyeuawa mwaka 1964. Na kuna kiwanja chenye jina la Moïse Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo toka 1960 hata 1963, jambo ambalo Sendwe alilikataa. Watu walioshindana wakiwa hai, leo ni majirani juu ya vibao.

Nasifu jambo hilo, kwa kuwa mji usiofuta majina yake hujifunza kuishi na historia yake yote. Lakini mara nyingi kibao chatoa jina tupu. Mtoto apita hapo kila siku akienda shule, wala hapati neno la kumweleza huyo mama alikuwa nani, au huyo bwana alifia nini. Basi si ajabu wenyeji wakimwelekeza mgeni husema “karibu na posta”, au “ukifika Carrefour, uliza tena”. Kibao cha mkubwa kimeandikwa kwa ajili ya mkubwa.

Katika mtaa wa Golf, wanakokaa matajiri, hatutakawia. Ukuta mrefu, mlango wa chuma, na onyo la mbwa mkali kwa Kifaransa. Kibao hicho chasema na mwizi. Na kwa kuwa hakijui mwizi ni nani, chamhesabu kila mpita njia kuwa mwizi.

Sasa tushuke Kamalondo na Kenya. Kamalondo, iliyoitwa zamani komini Albert, ilitengwa na mji wa Wazungu kwa nafasi iliyoachwa wazi kusudi. Huko kinyozi amechora vichwa vinne vyenye nywele za namna nne. Mshonaji amechora bibi aliyevaa kitenge. Fundi wa viatu amechora kiatu kikubwa kuliko mlango wake. Asiyejua kusoma ajua pa kuingia, na ajuaye kusoma acheka kidogo, halafu aingia vilevile. Wako waliosoma wanaodharau kazi hiyo kwa sababu Kifaransa chake kina makosa. Mimi naona kosa la herufi moja ni dogo, mradi mchoraji amemfikiria jirani yake. Hata Chéri Samba, ambaye picha zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani, alianza kwa kuchora vibao vya maduka huko Kinshasa, mwaka 1972. Ninalosikitikia ni hizi turubai za plastiki zitokazo katika mashine. Duka hili na duka lile zina sura ileile ya mgeni anayetabasamu, na mkono wa fundi haumo.

Mwisho tufike Katuba na Ruashi. Huko utaona maneno mengine juu ya kuta, herufi nyekundu au nyeusi, wala hayaiti mteja: nyumba hii haiuzwi. Yamejaa katika miji ya Kongo, na sababu yake twaijua sote. Watu wengine huuza uwanja mmoja mara mbili; na baba akifa, ndugu zake hutafuta mnunuzi kabla matanga hayajaisha.

Mama mmoja wa Katuba, mjane, aliniita nimwandikie maneno hayo, maana shemeji yake alikuwa amekwisha kuleta watu kupima uwanja. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe, lakini karatasi ya sheria haisimami mlangoni. Nikachukua brashi, na kwa majivuno ya mtu aliyepita seminari nikaandika kwa Kifaransa safi. Mama akatazama, akauliza: “Mwalimu, inasema nini?” Nikaona haya. Nikapaka chokaa juu yake, nikaandika kwa Kiswahili cha vitabu: Nyumba hii haiuzwi. Akasoma polepole kwa kidole, akasema: “Mwalimu, sisi tunasema *haiuzishwe*.” Nikapaka chokaa mara ya pili. Kibao cha tatu kilisema HII NYUMBA HAIUZISHWE, nasi tukaona jirani mmoja akisimama njiani, akisoma kwa sauti, akamwita mwenzake. Tangu saa ile mtaa mzima ulikuwa shahidi. Mnunuzi hawezi tena kusema hakujua.

Kwa hiyo nakipa ukuta ule nafasi ya kwanza katika safari yetu, ingawa herufi zake zimepinda na mwandishi wake ni mimi mwenyewe. Nimeuliza swali langu mbele ya vibao vingi, na hapo ndipo nilipata jibu wazi: chasema na mnunuzi, na shemeji, na jirani, kwa maneno ambayo mwenye nyumba mwenyewe ayasoma. Nanyi mnaojua kuandika, mkiitwa kushika brashi kwa ajili ya mtu, mwulizeni kwanza yeye asemaje. Halafu fungueni rangi.