Wanaohesabu Mapishano ya Angani

Lubutu, mkoani Maniema, Kongo, iko kusini kidogo tu ya ikweta, hata digrii moja haifiki. Kila setelaiti, hata ile inayopita juu ya ncha zote mbili za dunia, lazima ifike kwenye mstari huo. Giza likianza kuingia, ukikaa uani utaona mojawapo: nukta nyeupe isiyometameta, inakwenda bila mlio, mpaka kivuli cha dunia kiimeze.

Wapo watu ambao kazi yao ni kujua nukta hiyo itapishana na nini, na mimi nawaheshimu sana. Huanza kwa kupunguza. Setelaiti ambayo hata ikipanda mwisho wake haifikii pale nyingine inaposhuka mwisho wake haiwezi kuigonga. Jozi hiyo huwekwa kando. Jozi zinazobaki hutafutiwa sekunde ile ya kukaribiana kabisa. Lakini umbali peke yake si jibu. Fundi wa kweli hutaja pia kiasi anachoweza kukosea, maana hata huko juu kuna hewa nyembamba inayokokota setelaiti, na jua likichafuka hewa hiyo hutanuka.

Hewa hiyo ilipimwa kwa majirani zetu. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitalia walirusha San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ikiwa na chombo alichobuni Luigi Broglio cha kupima mkokoto wa hewa juu ya ikweta.

Hatari ya kukosea ilionekana tarehe 10 Februari 2009: setelaiti Iridium 33 ya Marekani na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokwisha kufa, ziligongana juu ya Siberia, kilomita 790 hivi kutoka ardhini. Hesabu zilizotolewa hadharani na T.S. Kelso, mtaalamu wa mizunguko ya setelaiti, zilikadiria kwamba zingepishana kwa mita 584, na siku hiyo kulikuwa na jozi zilizoonekana kukaribiana zaidi. Vilizaliwa vipande zaidi ya 2,000. Ndiyo maana leo huulizwa uwezekano, si mita tu: Kituo cha Kimataifa cha Anga husogezwa hatari ikizidi moja kwa 10,000. Kusogea nako kunakula mafuta, kwa hiyo kuamua kutulia ni sehemu ya ufundi.

Vipimo vya mizunguko ya setelaiti hutolewa bure kwa yeyote. Walimu wa hesabu wa Maniema, wapeni wanafunzi wenu jozi moja, waanze nayo.