Mikono Iliyochora Kaunti

Ramani za kaunti za Uingereza na Wales alizozichora Christopher Saxton katika karne ya 16 hazina barabara. Mito imo, madaraja yamo, miji na vijiji vimejaa tele, vilima vimesimama kama vichuguu, na viunga vya mabwana vya kuwindia kulungu vimezungushiwa ua uliochorwa mti mmoja mmoja. Lakini aliyetaka kujua njia ya kutoka York kwenda London asingeambulia kitu. Hata hivyo watu wanazisaka mpaka leo kwenye minada na katika maduka ya vitabu vikuukuu, na hawaoni taabu kuzilipia fedha nyingi. Ramani isiyomfikisha mtu popote inapendewa nini? Wengi watajibu kuwa ni uzuri wake. Kwangu hilo ni nusu ya jibu. Thamani ya ramani hizi imo katika mikono iliyozifanya, na ufundi wa mkusanyaji ni kujua kuisoma mikono hiyo.

Wa kwanza ni mpimaji. Saxton, mzaliwa wa Yorkshire, alitoa atlasi yake mwaka 1579: ramani 34 za kaunti, na moja ya Uingereza na Wales kwa jumla. Aliyegharimia ni Thomas Seckford, ofisa wa Malkia Elizabeth I, ndiyo maana nembo ya Seckford imechongwa pamoja na ya Malkia. Mwaka 1576, Saxton alipokuwa akienda Wales, baraza la Malkia lilimpa barua ya kuwaagiza wakuu wa huko wampandishe kwenye mnara, ngome au kilima chochote alichotaka, akiwa na wenyeji wawili watatu waaminifu wanaoijua nchi yao. Akiondoka, apewe mpanda farasi anayejua Kiwelisi na Kiingereza, amfikishe salama kwenye mji wa soko unaofuata. Wenyeji hao hawakutajwa popote kwenye karatasi. Lakini mgeni aliyesimama juu ya kilima angeyapata wapi majina ya vijiji vilivyotawanyika chini yake, kama si vinywani mwao?

Wa pili ni mchongaji. Huyu hupokea mchoro na kuuhamishia kwenye bamba la shaba, kinyumenyume, kwa sababu karatasi itageuza kila kitu. Huandika mamia ya majina kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi zilizogeuka, akisukuma chombo chembamba cha chuma kwa kiganja cha mkono. Akikosea hana cha kufutia. Hulipindua bamba, akaligonga mgongoni kwa nyundo mpaka shaba ijae palipochimbwa, akalainisha uso, akachonga upya. Baadhi ya mabamba ya Saxton yana majina ya wachongaji: Augustine Ryther alikuwa Mwingereza, Remigius Hogenberg na Leonard Terwoort walitoka ng'ambo, pande za Antwerp. Kisha wino hupakwa na kufutwa usoni, ukabaki ndani ya mistari tu, na karatasi iliyoloweshwa hubanwa juu ya bamba kwa nguvu nyingi. Ukingo wa bamba huacha mfinyo kwenye karatasi, na kidole kinaweza kuugundua hata baada ya karne nne.

Kisha akaja John Speed, mshona nguo aliyezaliwa Cheshire, ambaye mshairi na ofisa wa serikali Fulke Greville alimfadhili mpaka akaweza kuiweka sindano chini. Katika atlasi yake iliyotoka mwaka 1612 alitumia sana kazi za Saxton na za mpimaji mwingine, John Norden, wala hakulificha jambo hilo. Alichoongeza ni watu na mambo yao. Pembeni mwa kaunti aliweka ramani za miji mikuu, nembo za mabwana, majumba na vita. Ramani ya Wiltshire ina mawe ya Stonehenge. Ya Leicestershire inaonyesha vita vya Bosworth vya mwaka 1485. Ya Cambridgeshire ina wanachuo wanne waliovaa majoho, wamezungukwa na nembo za vyuo vyao. Ya Surrey ina jumba la kifalme la Nonsuch, lililobomolewa katika miaka ya 1680. Mabamba yalichongwa Amsterdam na Jodocus Hondius, fundi aliyejua kuifanya nafasi tupu ya bahari iwe na merikebu, na kipimo cha maili kisimamiwe na bikari iliyofunguka. Mapambo hayo yalikuwa na kazi zake: nembo ilimshukuru bwana na kumvuta anunue, picha ya vita ilifundisha historia, ramani ya mji ilimpa mkazi fahari ya kwao.

Mkono wa mwisho ni wa mpaka rangi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Ramani nyingi zilitoka kwa mchapishaji bila rangi, zikaja kupakwa baadaye, nyingine katika karne ya 20. Rangi ya kijani ya zamani ilitokana na kutu ya shaba, na polepole huila karatasi. Igeuze ramani, utaona hudhurungi nyuma ya penye kijani cha zamani. Tarehe nayo ina mtego. Iliyochongwa ni ya bamba, si ya karatasi. Mabamba ya Speed yaliuzwa kutoka mkono hadi mkono, na majina ya wachapishaji yakabadilishwa: ya awali yana Sudbury na Humble, ya mwaka 1676 yana Bassett na Chiswell. Mistari inavyozidi kufifia ndivyo bamba lilivyozidi kuchoka.

Mwaka 1759 Jumuiya ya Sanaa ya London ilitangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayepima kaunti upya kwa inchi moja kwa maili. Mwaka 1801 wapimaji wa serikali walitoa ramani yao ya kwanza, ya Kent. Usahihi ukashika hatamu, mapambo yakapungua. Katika miaka ya 1830 Thomas Moule aliyarudisha, na ramani zake zinapendeza. Hata hivyo pambo la Moule linakumbuka enzi iliyopita, ilhali la Speed lilikuwa likiitumikia enzi yake. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nimweke Speed juu.

Kizuri chajiuza, na uzuri huohuo umeziponza atlasi nyingi: zimekatwa kurasa, kwa kuwa ramani mojamoja huleta faida kuliko kitabu kizima. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, usikimbilie inayong'aa dirishani. Chagua kaunti moja, uifuate kutoka Saxton hadi Moule. Omba ramani itolewe kwenye fremu, papasa mfinyo wa bamba, soma maandishi ya mgongoni kama yapo, tazama kijani kimefanya nini. Na ukiletewa atlasi nzima, inunue nzima, uitunze nzima, na umwuzie tu mtu atakayeiacha nzima.