Khan Alimjuaje Chekov?

Hivi, mhakiki ana haki ya kumcheka shabiki? Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia mfano mmoja tu, ambao wapenzi wa mfululizo wa Star Trek wameutafuna kwa zaidi ya miaka 40. Jambo lenyewe ni dogo, lakini lina mambo.

Tuanze na kisa. Februari 1967 televisheni ya Marekani ilionyesha sehemu iitwayo "Space Seed". Humo Kapteni Kirk na watu wake wa chombo cha Enterprise wanamwamsha Khan, mtawala wa zamani aliyezaliwa kwa sayansi ya kuchagua mbegu za watu, ambaye amelala karne mbili hivi. Khan anajaribu kukiteka chombo, anashindwa, anapelekwa uhamishoni kwenye sayari isiyo na watu. Mwaka 1982 ikaja filamu ya The Wrath of Khan. Chekov, afisa Mrusi, anaangukia mikononi mwa Khan, na Khan anasema sura hiyo anaikumbuka. Anaikumbuka wapi? Katika "Space Seed" Chekov hayumo! Mwigizaji wake, Walter Koenig, alianza kuonekana Septemba 1967, msimu wa pili.

Mashabiki hawakukubali kushindwa. Walisema: Chekov alikuwemo chomboni, ila alifanya kazi idara nyingine, kamera haikumfikia. Na ushahidi wanao. Katika "Catspaw", iliyoonyeshwa Oktoba 1967, Chekov yupo, na tarehe ya nyota inayotajwa ni 3018.2. Ile ya "Space Seed" ni 3141.9. Kwa hesabu hiyo Chekov alikwishapanda chombo kabla ya Khan kuamshwa. Koenig mwenyewe alikuwa akiwachekesha watu kwamba Chekov alijifungia msalani muda mrefu huku Khan akisubiri nje kwa dhiki. Ndiyo maana hakuisahau sura ile.

Wasomi wengi watasema huu ni utoto. Mwaka 1933 L. C. Knights aliandika insha ya kuwakejeli wahakiki waliowatazama wahusika wa Shakespeare kama watu wa kweli, na akaipa jina la swali kuhusu idadi ya watoto wa Lady Macbeth. Kwake yeye, tamthilia ni maneno. Nje ya maneno hayo mhusika hana maisha. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini tukumbuke kwamba katika Iliad ya Homer, Pylaemenes anauawa kitabu cha 5, halafu kitabu cha 13 anatembea akimlilia mwanawe. Wasomi wa kale walihangaika na utata huo, wala hatuwaiti watoto.

Hoja yangu ni kwamba swali la shabiki ni zuri kuliko jibu lake. Tutazame filamu yenyewe. Kabla Khan hajatokea, Chekov anaona jina la chombo cha zamani cha Khan, Botany Bay, naye anashikwa na hofu. Kapteni wake, Terrell, haelewi chochote. Hapo msanii anahitaji shahidi: mtu anayejua, ili sisi tuogope pamoja naye. Kazi hiyo ya kifani ndiyo inayomweka Chekov pale, si tarehe za nyota. Shabiki anayetafuta namba anaipita hofu hiyo bila kuiona.

Hata hivyo, jibu la shabiki nalo lina siri yake. Enterprise ina watu 430, na mfululizo unatuonyesha wachache tu wanaokaa juu wakitoa amri. Kusema Chekov alikuwa chini, katika kazi isiyoonekana, ni kukiri kwamba chombo hicho ni jamii yenye watu ambao hadithi haikuwapa sura. Mhakiki anayezungumzia matabaka kila siku angepaswa kuliona hilo wa kwanza. Kaliona shabiki.

Ubaya unaanza pale kiraka kinapofuta historia ya kazi yenyewe. Katika "Space Seed" vita vya Khan vilikuwa vya miaka ya 1990, naye aliikimbia dunia mwaka 1996. Mwaka huo ulipita, Khan hakuonekana. Basi mwaka 2023 mfululizo wa Strange New Worlds ukatuonyesha Khan akiwa bado mtoto mjini Toronto, kwa maelezo kwamba kuna waliochezea wakati, matukio yakasogea mbele. Ratiba imenyooka, sawa. Lakini ile 1996 ilikuwa na maana. Waandishi wa 1967, miaka 22 tu baada ya kuanguka kwa Hitler, waliiweka hatari ya kuzalisha watu bora karibu sana na watazamaji wao, ndani ya umri wa watoto wao. Ukiisogeza tarehe kila inapopitwa, onyo linageuka deni lisilolipwa: kila siku ni kesho.

Kwa hiyo simcheki shabiki. Amesoma kwa makini kuliko wengi wetu tunaosoma muhtasari usiku wa kuamkia mtihani. Ninachomwomba ni kimoja: akiliona tundu, asikimbilie sindano. Achungulie kwanza. Mara nyingi tundu ndilo linalotuonyesha mkono wa fundi, na mwaka aliokuwa akishonea.