Mlima wa Kwenye Kioo

Siku hizi mtu hahitaji kupanda mlima ili auone wote. Hukaa mbele ya kompyuta, akaigeuza nchi atakavyo, akaitazama kutoka juu kama mwewe. Picha hizo ni nzuri, wala sizibezi. Ninachoshangaa ni kwamba shairi tunalihakiki, riwaya tunaihakiki, lakini picha hii tunaipokea kana kwamba nchi yenyewe imesema.

Tuangalie basi inavyotengenezwa. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11, kikirusha mawimbi ya rada na kuyapokea yaliporudi. Kutokana na mawimbi hayo wataalamu walikokotoa mwinuko wa asilimia 80 hivi ya nchi kavu. Vipimo vya kila mita 30 vya Afrika vilianza kutolewa bure mwaka 2014. Kila kipimo ni namba tu. Kompyuta ndiyo inayoziunganisha, ikazitia rangi na kivuli cha jua la kubuni.

Swali langu la kwanza ni la kimo. Kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo ni kilomita kama 30 kwa mstari ulionyooka, na mwinuko huongezeka kwa mita kama 5,000. Ukichora kila kilomita kwa sentimita moja, utapata mchoro wenye urefu wa sentimita 30 na kimo cha 5 tu. Mtengenezaji huona mlima umedumaa, akakikuza kimo mara mbili au tatu. Kutia chumvi si dhambi, ila aseme.

Swali la pili ni zito zaidi. Rada ile haikupenya vizuri majani ya miti. Katika delta ya Rufiji, penye msitu mnene wa mikoko, namba nyingi ni za karibu na vilele vya miti, si za tope lililo chini. Mahali panapoingia maji ya bamvua pataonekana kama nchi ya juu. Mpangaji akiiamini picha hiyo atawaambia watu kwamba wamesalimika, kumbe wamekaa usawa wa bahari. Mwaka 2019 watafiti Scott Kulp na Benjamin Strauss walisahihisha vipimo vya pwani za dunia. Hesabu ya watu walio hatarini ikapanda mara tatu hivi. Watu hao walikuwapo siku zote. Picha ndiyo iliyowaficha.

Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu. Sisemi tuzitupe modeli hizi. Bila hizo tungekuwa gizani zaidi. Nasema kila picha iandikwe chini yake: kimo kimekuzwa mara ngapi, na kilichopimwa ni ardhi au ni miti. Kisha aitwe mvuvi wa delta, anayejua bamvua hufika kwenye shina lipi, aitazame kabla haijapigwa mhuri.